Ukuta Haujasogea

Nchi ninayotaka kuisimulia haimo kwenye ramani, na msomaji asijisumbue kuitafuta, hasa kama anaishi humo. Tuiite Tulipo. Watu wa Tulipo ni wema, watulivu, wenye adabu kupita kiasi, na adabu yao kubwa ni moja: hawawezi kumpita mtu anayehangaika na jambo wakanyamaza. Wakimkuta analima, humwambia, "Pole na kazi." Wakimkuta anafua, anashona, anatwanga au anachimba choo, ni hivyo hivyo, "Pole na kazi." Naye hujibu, "Nishapoa," hata kama jasho linamchuruzika mpaka kisiginoni. Ni uongo, lakini ni uongo wa heshima, na nchi nzima ilikuwa imesimama juu yake.

Tena pole ile haikuwa ya mdomo mtupu. Aliyeitoa alipaswa kutoa na mkono. "Pole na kazi, lete nikupokee kidogo," ndivyo ilivyosemwa kwa ukamilifu wake. Basi mpita njia aliushika mchi akatwanga, au aliupokea mzigo akaufikisha njia panda, kisha akaenda zake, na mwenye shughuli akapata kukaa chini kidogo na kunyoosha mgongo. Ilikuwa desturi ya kishamba, haina bajeti wala kamati, na sijui iliwezaje kudumu vizazi vyote hivyo bila kuwa na Wizara.

Nayasema haya mapema ili ieleweke kwamba mimi sina kosa. Nilikuwa mwalimu wa fizikia wa kidato cha pili, jina langu Hamduni, na nilisema yaliyomo kitabuni.

* * *

Tulipo walijenga hospitali ya rufaa. Au tuseme walijenga ukuta wa mbele wa hospitali ya rufaa, maana katika nchi ile kila jengo huanza na upande unaoonekana kutoka barabarani, na mengi huishia hapo hapo. Ukuta ulikuwa mrefu, umepakwa rangi tatu za taifa, na juu yake imechorwa sura ya Baba Mkuu akimpa mgonjwa kidonge. Mkandarasi alikuwa shemeji yake Mheshimiwa Kibarango, Waziri wa Kazi na Mwendo. Msingi aliuchimba kwa kutumia nia njema.

Siku ya uzinduzi, Waziri akiwa katikati ya hotuba, ukuta ukaanza kuinama. Haukuinama kuelekea ndani, walikokuwa wageni waalikwa. Uliinama kuelekea barabarani, ambako ng'ambo ya njia nyembamba ipo zahanati ya zamani, ya mabati, wanamojifungulia kina mama wa mji wote. Mheshimiwa Kibarango hakukatiza hotuba, kwa kuwa alikuwa amefika kwenye sehemu ya mafanikio. Alisema tu kwenye kipaza sauti, "Wananchi wazalendo mlio huko nje, hebu ushikilieni ukuta kidogo, mpaka nimalize."

Dada yangu Sikitu alikuwa anapita, amebeba sufuria ya uji kichwani, anampelekea jirani yetu aliyejifungua asubuhi ile. Akaitua sufuria kwenye kizingiti cha zahanati, akasogea, akaweka viganja vyake kwenye matofali pamoja na wenzake. Mpaka amalize.

Hotuba ilimalizika. Wageni walikula, wakapiga picha, wakaondoka. Kilichosahaulika ni kwamba ukuta haukuwa umemaliza, na aliyeuachia angekuwa amewaangushia wazazi na vichanga vyao. Magogo ya kuuegemeza yaliombwa, yakaidhinishwa, yakatoka bohari, yakaenda kuegemeza ghorofa la shemeji.

Wala haikuwa balaa. Watu wa Tulipo walikuwa na desturi yao. Mwenye kwenda sokoni alipita akasema, "Poleni na kazi, lete nikupokee," akaushika ukuta mpaka akaja anayetoka sokoni. Fundi cherehani akapokewa na mchinja nyama, mchinja nyama akapokewa na mama lishe. Dada Sikitu alirudi nyumbani siku ile ile kabla chai haijapoa, na baadaye akawa anarudi ukutani kwa zamu yake kama watu wote. Mimi pia niliushika, nikielekea shuleni, vitabu nimevibana kwapani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Hawakutuambia tufanye nini tukishajenga ukuta wenyewe ukiwa na ufa, lakini tulijitahidi, na mambo yakaenda.

* * *

Shida ilianza watu walipoomba chakula cha mchana. Walisema, kwa adabu, kwamba kwa kuwa kushika ukuta kumekuwa kazi ya kudumu, basi Serikali iwafikirie walau wali na maharage. Barua yao ilikuwa na salamu nyingi kuliko ombi.

Mheshimiwa Kibarango aliniita ofisini kwake. Alikuwa amekaa kwenye kiti kinachozunguka, na alipozungumza alizunguka nacho taratibu, kwa hiyo nusu ya maneno yake aliyaambia dirisha.

"Mwalimu," akasema, "hawa watu wanadai wanafanya kazi. Sasa nijibu, kazi ni nini? Nijibu kisayansi, maana kisiasa tumeshindwa."

Sikuwahi kuulizwa swali hilo na mtu asiyelazimishwa na mtihani. Niliona fahari, niseme tu. Nikachukua kalenda ya ukutani, nikaigeuza nyuma palipo peupe, nikaandika. Nikamwambia kazi ni nguvu mara umbali ambao kitu kimesogea kuelekea upande ule ule nguvu inakosukuma.

"Na kitu kisiposogea?"

"Hakuna kazi, Mheshimiwa. Ni sifuri."

"Hata mtu akitoka jasho?"

"Jasho halimo kwenye kanuni."

Akaacha kuzunguka. "Hebu nipe mfano."

Msomaji ajue kwamba mfano ule sikuutunga mimi. Umo katika vitabu vyote, na kila mwalimu wa fizikia aliyewahi kushika chaki ameutoa. Nikasema, "Mtu akisukuma ukuta kutwa nzima, na ukuta usisogee hata kidogo, hajafanya kazi yoyote."

Waziri alikiweka kikombe mezani kwa uangalifu mkubwa. "Sema tena. Polepole, katibu aandike."

Nikasema tena, polepole. Kwa kuwa alifurahi, nikamwongezea na wa pili, bila kuombwa. Nikamweleza kwamba mtu akijitwika mzigo akatembea njia tambarare, nguvu ya shingo yake inasukuma juu ilhali mzigo unakwenda mbele. Haupandi wala haushuki. Kwa hiyo shingo ile haijaufanyia mzigo kazi.

"Sifuri?"

"Sifuri."

"Mzigo wa mwenzio kanda la usufi," akasema Mheshimiwa Kibarango, machozi yanamlengalenga. "Kumbe wahenga walikuwa wanasayansi."

Ulikuwapo ukurasa wa pili. Ukurasa huo unaeleza kwamba kanuni ile inapima kile kilichofanyiwa kitu, haimpimi aliyekisukuma. Unaeleza kwamba misuli ya mtu aliyesimama na ukuta inajikaza na kulegea bila kupumzika, inaunguza chakula, inachoka kweli kweli, hata kama tofali halijahama. Nilikuwa nauelekea. Lakini Mheshimiwa hakuuliza habari za ukurasa wa pili, na mimi nilikuwa nimeshaletewa soda.

* * *

Sheria ya Kazi Halisi ilipita bungeni kwa kishindo. Mheshimiwa Kibarango alihutubia taifa akiwa amesimama juu ya mizani.

"Ndugu wananchi," alisema, "kwa muda mrefu taifa letu limekuwa likitoa pole kwa watu ambao hawajafanya kazi. Tumemwaga pole mitaani kama maji ya kuoshea vyombo. Pole ni rasilimali ya taifa! Kuanzia leo, hatapewa pole mtu ambaye hakuna alichokisogeza. Na yule atakayempa pole mtu wa namna hiyo atahesabiwa kuwa ametoa habari za uongo kuhusu hali ya uchumi."

Wakateuliwa Wakaguzi wa Msogeo, wenye makoti ya kijivu na futi za kupimia mifukoni. Mkuu wao hatukumjua kwa jina lingine zaidi ya Bwana Futi. Walipita mtaa kwa mtaa. Mlinzi aliyesimama getini kutwa kucha alikutwa getini pale pale, akaandikwa sifuri. Mama aliyemshika mtoto mgonjwa kifuani alipimwa, mtoto akaonekana hajasogea, akaandikwa sifuri, akaambiwa asijidai kuwa na macho mekundu. Kuli aliyeshusha magunia kutoka kwenye lori alikuwa na hali mbaya zaidi, kwa sababu alikuwa anasukuma juu na gunia linakwenda chini. Kazi yake ilitoka hasi. Aliambiwa ajifikirie.

Wakubwa nao hawakujipendelea. Walihamishia Wizara juu ya kilima, na kila asubuhi magari yaliwapandisha na vitambi vyao, ikaandikwa kwamba miili yao imesogea kwenda juu na kwamba hiyo ni kazi halisi isiyo na ubishi. Kwamba iliyoifanya ni injini, sikuulizwa. Jioni waliteremka kwa barabara ya nyuma, ambayo haikaguliwi. Faili la kuomba magogo mengine ya kuegemezea ukuta lilisukumwa kutoka meza hii hadi meza ile, likazunguka jengo lote, na kila aliyelisukuma alipewa pole ya maandishi yenye muhuri.

Wagonjwa walichoka wakaambiwa hawajachoka. Daktari wa Serikali alithibitisha kwamba mtu ambaye hajafanya kazi hana kilichomchosha, na akawaandikia mazoezi.

Asubuhi za Tulipo zikawa kimya. Watu walipishana njiani wakitazama vidole vya miguu, maana huwezi kumtazama mtu usoni amebeba ndoo halafu usimwambie kitu.

Na ukutani je? Ukutani palitokea jambo ambalo halikuwa kwenye kanuni. Pole ilipokatazwa, kupokeana kukafa, kwa sababu hakuna mtu wa Tulipo anayeweza kunyoosha mkono kupokea bila kutanguliza neno. Kufanya hivyo ni kumnyang'anya. Kwa hiyo wale ambao tangazo liliwakuta wakiushika ukuta ule walibaki wakiushika. Wapita njia waliwapita. Wao hawakuweza kuachia kwa sababu ya wazazi mle zahanatini. Na wazazi wasingehamishwa, kwa sababu kumbeba mzazi kwa machela kwenye njia tambarare si kazi, na jambo ambalo si kazi halipangiwi mtu.

Dada yangu Sikitu alikuwa zamu.

* * *

Mimi nilipandishwa cheo. Niliitwa Mshauri Mkuu wa Maana ya Kazi, nikapewa ofisi juu kilimani na kiti kinachozunguka, kidogo kuliko cha Waziri. Njia ya kwenda huko inapita ukutani.

Siku ya kwanza nilimkuta amesimama amenyoosha mikono, shavu limegusa rangi ya bendera. Nilikuwa nimevaa suti.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Umependeza."

Hapo ndipo neno lile lilipopaswa kuingia. Lilikuja mpaka kwenye meno. Bwana Futi alikuwa ng'ambo ya njia, anapima kivuli cha mtu mmoja mwembamba aliyekuwa anaegemea baiskeli. Nikalimeza. Yeye akangoja kile ambacho kila mtu hukingoja baada ya salamu, mimi nikatazama viatu vyangu.

"Hamduni," akasema kwa sauti ya chini, "nataka kukaa tu. Si kwenda nyumbani. Nikae hapo kizingitini, nivute pumzi mbili tatu, nirudi."

"Nitalizungumza kwenye kikao," nikasema.

Nililizungumza. Kikao kiliona ni suala zito, kikaliahirisha. Mke wangu alimpelekea chakula akamlisha kwa mkono, nami nilimsifu mke wangu kwa moyo wake mzuri. Usiku dada alilala pale pale, paji la uso kwenye tofali, kama walivyolala wenzake. Mvua za vuli zikaja, zikawanyeshea, zikaenda. Kila nilipopita aliniambia "Marahaba," na kila siku marahaba ile ilizidi kuwa fupi.

Sasa nitasema kitu ambacho hakina uhusiano na sayansi. Kwetu ni bondeni. Nilipokuwa mdogo mto ulikuwa ukifurika unajaza njia yote ya shule, na dada Sikitu, ambaye mwenyewe shule aliiacha ili mimi niende, alinibeba mgongoni, maji yakimfika kiunoni, vitabu vyangu kichwani kwake. Njia ile ni tambarare mwanzo hadi mwisho. Niliikumbuka kwenye kikao kimoja, wakati wenzangu wanajadili rangi ya mihuri, nikaanza kupiga hesabu pembeni ya karatasi. Nguvu juu, mwendo mbele. Nikaikunja karatasi nikaitia mfukoni.

Baada ya hapo nilianza kwenda kazini kwa njia ya makaburini. Ni ndefu, lakini ina hewa nzuri.

* * *

Watu wa ukutani hawakuacha kulalamika, na kwa kuwa, kama taarifa rasmi ilivyosema, "walalamikaji walikataa kuondoka sehemu yao ya tukio," Baraza la Usuluhishi liliamua kuwafuata. Turubai likafungwa upande wa ndani wa ukuta, kwenye kivuli chake, pakaandaliwa pilau ya baada ya shauri. Shauri lenyewe lingesikilizwa nje, barabarani, kwa ufupi.

Nilivaa suti. Sikuweza kupita njia ya makaburini siku hiyo.

Mheshimiwa Kibarango alisimama kwenye kijukwaa, umati umejaa barabara nzima. Akazungumza juu ya usikivu wa Serikali. Akazungumza juu ya Serikali nyingine, zisizo sikivu, ambazo hakuzitaja. Kisha akamwita Bwana Futi, ambaye alipima kutoka kwenye kigingi hadi ukutani, akapiga magoti, akapima tena.

"Ukuta haujasogea, Mheshimiwa."

Watu wakapiga makofi kwa uimara wa ujenzi.

"Sasa tuache elimu iseme," akasema Waziri. "Mwalimu Hamduni, njoo mbele. Mama huyu hapa, tangu alipoushika ukuta huu mpaka tunavyozungumza, amefanya kazi?"

Alikuwa amemwonyesha dada Sikitu kwa fimbo yake. Sijui kama alijua kuwa ni dada yangu. Nadhani alijua.

Sikitu hakuweza kugeuza mwili, akageuza jicho tu. Viganja vyake vilikuwa vimechukua rangi ya tofali, au tofali limechukua rangi yake. Fundi cherehani aliyekuwa pembeni yake, Tosiri, naye alinitazama, na mama lishe, na wengine wote waliokuwa wamejipanga kwenye ukuta ule, jicho moja moja.

"Kisayansi," nikasema, "hapana."

Lile neno la kwanza nililiweka kwa ajili yake. Nilitaka alisikie. Nilitaka ajue kwamba kuna namna nyingine za kusema ambazo kwazo nisingesema hapana. Niliona haya mpaka masikio yakaniwaka, na umati ukapiga makofi tena.

"Mwalimu," akaita Sikitu. Hakuniita mdogo wangu. "Naomba kuuliza."

Waziri alimruhusu kwa mkono.

"Ukuta ukisogea, je?"

"Ukisogea kuelekea mnakosukuma," nikasema, "hapo mtakuwa mmefanya kazi."

"Na ukisogea kuja kwetu?"

"Hapo kazi yenu itakuwa hasi."

Watu wakacheka. Tosiri hakucheka. Sikitu akangoja kicheko kitulie.

"Na tukifanya hiyo kazi, tutapewa pole?"

Nikamtazama Waziri. Mheshimiwa Kibarango alikuwa ananusa pilau, na mtu anayenusa pilau huwa mkarimu. "Mtapewa pole ya Serikali," akasema kwenye kipaza sauti, "na nitaitoa mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu."

"Na mtu aliyepewa pole anaruhusiwa kukaa chini?"

"Ataruhusiwa kukaa, kulala, na hata kujinyoosha."

"Ahsante, Mheshimiwa. Tumeelewa."

Shauri likafungwa. Waheshimiwa wakapita mlangoni kuelekea ndani, wakimcheka mama aliyedhani ukuta wa Serikali unasogea.

* * *

Lazima nieleze ni kwa nini hawakuwahi kuusukuma kabla. Si kwamba hawakuwa na nguvu. Waliambiwa waushikilie, nao wakaushikilia. Mtu wa Tulipo akiombwa kushika kitu cha mwenyewe hakitupi, hata kikimuua. Sasa mwenyewe alikuwa amesema hadharani, kwenye kipaza sauti, kwamba kukisogeza ni halali na kuna pole yake.

Sikitu alipumua. "Jamani," akasema, si kwa kelele, "sasa hivi tunafanya kazi."

Barabara nzima ilimsikia. Na kwa kuwa ilikuwa kazi, kwa mujibu wa sheria, neno likaruhusiwa. Kwanza alilisema mchuuzi wa mihogo, kwa woga, kama mtu anayejaribu nguo ya zamani. "Poleni na kazi. Tuwapokee." Akaliacha toroli lake, akaja akaweka bega. Halafu wengine wakasema, halafu wote, pole ya miezi yote iliyozuiwa ikamwagika kwa pamoja, na mikono ikaja nyuma yake. Kuli aliyeandikwa hasi alikuja. Mlinzi wa getini aliacha geti lake. Mama wa yule mtoto alimkabidhi mtoto kwa bibi mmoja, akapata nafasi kati ya mabega mawili.

Nilijua upande wa pili kuna nini. Kulikuwa na turubai, viti vya plastiki vyenye vitambaa, sinia za pilau. Nilikuwa nimesimama hatua chache tu kutoka mlangoni, na sikuingia kumwonya mtu. Wala sikuweka bega. Nilisimama katikati, mikono nimeishika nyuma kama ninavyosimama wakati wa mtihani, nikitazama.

Ukuta ulilia. Ulitoka ulipokuwa umelalia, ukainuka, na kitambo kidogo ulisimama wima kabisa, jinsi ulivyochorwa, Baba Mkuu na kidonge chake wamenyooka. Mtu angesema ubaki hivyo. Kisha ukaendelea.

Hakufa mtu. Waheshimiwa walikuwa bado mwisho wa uwanja, kwenye bomba, wanabishana kiitifaki nani aanze kunawa mikono. Pilau ndiyo iliyopotea. Vumbi lilipotulia tuliiona hospitali ya rufaa: majani yaliyofika magotini, jiwe la msingi, na mbuzi wawili wa Mheshimiwa wamefungwa kwenye jiwe hilo. Tulishangaa sote kwa pamoja, ingawa hakuna aliyekuwa hajui.

Bwana Futi, kwa mazoea tu, alikwenda kwenye kigingi chake akapima. "Umesogea, Mheshimiwa," akasema.

Mheshimiwa Kibarango alikuwa mweupe kwa vumbi hadi kwenye kope. Alinitafuta kwa macho. "Mwalimu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba, "hii ni kazi?"

Kwa mara ya kwanza tangu nivae suti ile nilisema ukurasa wote. "Ni kazi, Mheshimiwa. Mpaka pale ukuta uliponyooka, ilikuwa yao. Kutoka pale ni dunia iliyouvuta."

Sheria ilikuwa yake mwenyewe, na watu walikuwa wengi. Akakichukua kipaza sauti, ambacho kilikuwa kinakoroma.

"Poleni na kazi," akasema.

Barabara nzima ilipaswa kujibu. Hata mtoto anayejifunza kusema hujibu, hata mgonjwa hujibu, na sijawahi kusikia katika nchi ile pole iliyoachwa hewani. Hawakujibu. Mmoja baada ya mwingine walikaa chini, kwenye vumbi la matofali, wakanyoosha miguu. Mle zahanatini kichanga kililia, kikanyonyeshwa, kikanyamaza. Waziri alingoja, kipaza sauti kikamkoromea mkononi, mwisho akakizima mwenyewe akaenda kuwatazama mbuzi wake.

Dada Sikitu alikuwa wa mwisho kukaa. Mikono yake ilikawia kushuka, ikabaki mbele yake imekunjuka, kama inatafuta kitu cha kushika. Nilikwenda nikachuchumaa karibu naye. Suti ilichafuka, na nilifurahi kwamba inachafuka, jambo la kipuuzi.

"Pole na kazi, dada," nikasema.

Alivitazama viganja vyake, akaviweka magotini. Alinitazama na mimi, bila hasira, kwa muda mrefu. Nilingoja nishapoa yangu. Ni neno dogo, halimgharimu mtu kitu, na ningeenda nalo nyumbani nikalala. Hakulisema.

Alipokwisha kupumzika aliinuka, akaenda kwenye kizingiti cha zahanati. Sufuria aliyokuja nayo asubuhi ya zamu yake, ya kumpelekea mzazi mwingine uji, bado ilikuwepo, imejaa maji ya mvua. Aliyamwaga. Akaokota na tofali moja zima kutoka kwenye kifusi, akalitia ndani, sijui la nini. Nikamkimbilia, mikono mbele.

"Lete nikupokee, dada."

"Acha tu, Hamduni," akasema, akajitwika mwenyewe. "Njia ya kwetu ni tambarare."

Nilimfuata nyuma mpaka bondeni, mikono mitupu.